Kifundo cha mkono kinauma upande wa kidole kidogo na bado unapiga tenisi? Maswali na majibu

Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, na wagonjwa wangu wengi wa mkono ni wachezaji wa tenisi wa ridhaa, watu wa kazini wanaocheza jioni na wikiendi, na watoto wanaoletwa na wazazi wao. Ninachokiona sana siku hizi ni mtu kaona kwenye simu staa anapiga mpigo wa ajabu, kaenda uwanjani kauiga, mkono umeanza kuuma, kaendelea kupiga, kapaka dawa ya kuchua, kaendelea kupiga, halafu anakuja kwangu wakati hata kufungua kifuniko cha chupa hawezi. Nimekusanya maswali ninayoulizwa zaidi. Naomba msome lile la tatu hata kama mengine mtayaruka.

Mpigo usio wa kawaida ndio upi?

Ni ule ambao kochi hamfundishi mtoto siku ya kwanza. Monica Seles alishika raketi kwa mikono miwili pande zote, fohendi (mpigo wa upande wa mkono unaoshika raketi) na bekihendi (mpigo wa upande wa pili), akachukua Grand Slam 9, yaani yale mashindano makubwa manne ya kila mwaka. Marion Bartoli naye alipiga hivyohivyo akashinda Wimbledon 2013. Fabrice Santoro wa Ufaransa aliwasumbua watu na fohendi ya mikono miwili, mara nyingi kwa slaisi, ule mpigo wa kuukata mpira kwa chini. Alberto Berasategui wa Hispania alizungusha gripu, yaani namna ya kushika mpini, mpaka akawa anapiga fohendi na bekihendi kwa uso uleule wa raketi, na akafika fainali ya Roland Garros, yale mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 1994. Halafu kuna Rafael Nadal, fohendi yake badala ya kumalizikia begani upande wa pili inapanda na kuzunguka juu ya kichwa chake. Hiyo ya Nadal ndiyo inayoigwa kuliko zote na ndiyo inayonijazia kliniki.

Sasa kama wao wanapiga hivyo na wanashinda, kwa nini mimi niumie?

Kwanza nani kakwambia wao hawaumii, tutafika huko. Pili, mpigo wenyewe si ugonjwa. Mwili unazoea karibu kila kitu ukipewa muda, na hawa watu walianza wakiwa wadogo kabisa. Pancho Segura wa Ecuador alipiga fohendi ya mikono miwili kwa sababu alikuwa mtoto dhaifu aliyeugua matege, mkono mmoja haukumtosha, basi akakua na mpigo huohuo, kano zake na mifupa yake vikakua navyo, akaja kuwa mmoja wa wachezaji wakubwa wa kulipwa wa wakati wake. Wewe umekaa kwenye kompyuta tangu asubuhi, una miaka 38, jioni unageuza gripu na kupiga mipira 300 kwa nguvu zako zote kwa sababu umeona video. Hiyo ndiyo tofauti.

Tena gripu ina maana yake. Ukigeuza kiganja kiende chini ya mpini, kama wanaopiga topspini nyingi (kuuzungusha mpira kwenda mbele) wanavyofanya, mzigo unahamia upande wa kidole kidogo. Utafiti mmoja wa mwaka 2009 uliowaangalia wachezaji wasio wa kulipwa ulionyesha hivyohivyo: wenye gripu ya kugeuza sana wanaumia zaidi upande wa kidole kidogo, wenye gripu ya zamani isiyogeuzwa wanaumia zaidi upande wa kidole gumba. Kwa hiyo ukibadilisha gripu usifikiri umebadilisha staili tu, umehamisha mzigo kwenda sehemu ambayo haijawahi kuubeba.

Naumwa upande wa kidole kidogo lakini nikishapasha mwili moto maumivu yanapotea, si ina maana naweza kuendelea kucheza?

Hapana. Hili ndilo swali ninaloulizwa kila wiki na jibu langu halibadiliki, hapana.

Maumivu kupotea ukipata joto hakumaanishi kano imepona. Kano iliyoanza kuchakaa huwa na tabia hiyohiyo, inauma mwanzoni, inatulia katikati, halafu usiku au kesho yake asubuhi inakulipiza. Wewe unahesabu ile nusu saa ya raha uwanjani, huhesabu asubuhi unaposhindwa kubeba sufuria. Naomba upime asubuhi. Kama asubuhi baada ya mechi mkono umekaza na unauma kuliko jana yake, basi ile mechi ilikuumiza hata kama ulishinda.

Upande ule kuna kano inayopita nyuma ya mkono na kushikilia kifundo. Imelala kwenye kamfereji ka mfupa na imefunikwa na ala inayoizuia isihame. Chini yake kuna gegedu dogo la pembetatu linalobeba uzito kila unapogeuza mkono. Ala ikichanika kano inaanza kuruka kutoka kwenye mfereji wake, na utasikia "tok" ukigeuza kiganja kitazame juu. Ukikamatwa mapema mara nyingi tunaufunga mkono utulie wiki kadhaa na unapona bila kisu. Ukiendelea kupiga juu ya ala iliyochanika unaifungulia njia ya operesheni. Weka raketi chini. Si kwamba upunguze, wala si kwamba ucheze dabo tu, wawili kwa wawili, wala si kwamba uvae bandeji ya kubana na uendelee. Weka chini mpaka mtu anayejua aushike huo mkono.

Lakini mastaa si wanacheza na maumivu? Nadal alicheza kwa sindano.

Ni kweli alicheza kwa sindano, ila watu mnaikumbuka nusu ya hadithi. Mwaka 2016 pale Roland Garros, uwanja ambao tayari alikuwa ameshinda mara 9, mkono wake wa kushoto, ule unaopiga fohendi, ulikuwa unamsumbua. Raundi ya pili aliingia akiwa amechomwa sindano ya ganzi, akashinda kirahisi. Usiku maumivu yakazidi, asubuhi mkono hauendi. Akapigwa picha za kipimo, madaktari wakamwambia ala ya kano ina shida na akiendelea itakatika kabisa. Akafanyaje? Akajitoa. Akatoka mbele ya waandishi na kifundo kimefungwa, akasema basi. Baada ya hapo amerudi na kulichukua kombe lilelile mara 5 zaidi, jumla 14.

Kwa hiyo ukitaka kumuiga Nadal, muige na hiyo pia. Ganzi ilimfichia maumivu kwa mechi moja, haikumponya. Na yeye alikuwa na daktari, fizio na mashine ya picha ndani ya saa chache, wewe una sindano ya duka la dawa na rafiki anayekwambia jikaze.

Mwangalie na Juan Martín del Potro. Alishinda US Open 2009 akiwa na miaka 20, mwaka 2010 akapasuliwa kifundo cha kulia, halafu cha kushoto mwaka 2014 na mara mbili mwaka 2015. Aliporudi 2016 hakuweza tena kuipiga bekihendi yake ya mikono miwili kama zamani, ikabidi apige slaisi ya mkono mmoja mara kwa mara. Watu wakaisifia ile slaisi, na ni kweli alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Rio mwaka huohuo, ila ule ulikuwa mpigo wa mtu anayelinda mkono ulioumia. Kuna kijana aliniambia anaifanyia mazoezi kwa sababu ni nzuri. Sawa, ifanyie, lakini ujue imetoka wapi.

Dominic Thiem, bingwa wa US Open 2020, aliumia kifundo cha kulia Juni 2021 huko Mallorca katikati ya mechi. Aliacha, akafungwa, akatibiwa na watu wazuri, na bado mkono haukurudi vile, akastaafu Oktoba 2024 akiwa na miaka 31. Huyo ni mtu aliyeacha siku ileile. Sasa wewe unayeongeza mwezi mzima wa mechi juu ya jeraha unategemea nini?

Nikisikia "tok", nimpelekee mtu anayejua kuvuta mkono urudi?

Usivutwe. Usichuliwe kwa nguvu, usikandwe kwa maji ya moto siku za mwanzo, usizungushwe na mtu wa gym anayesema mshipa umepanda. Nawaheshimu wazee wetu wanaochua na najua wengi wanakwenda kwao kwa nia njema, ila kano iliyotoka kwenye ala haihitaji kuvutwa, inahitaji kutulizwa. Nimeona mikono iliyokuja na uvimbe mdogo ikavutwa mara mbili mtaani ikarudi haishikiki. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika chache, funga mkono usigeuke, nenda hospitali.

Nimepiga eksirei, daktari kasema mfupa mzima. Nirudi uwanjani?

Eksirei inaonyesha mfupa, haionyeshi kano wala ala wala gegedu. Kwa hizo tunahitaji ultrasaundi au MRI, na kabla ya hizo tunahitaji mtu aushike mkono na kuugeuza vizuri.

Halafu hata mfupa wenyewe unaweza kujificha. Kuna kamfupa chini ya kiganja upande wa kidole kidogo kenye ndoano, na ncha ya mpini wa raketi inakaa palepale, inakapiga kila mpira. Kakivunjika eksirei ya kawaida mara nyingi haioni, mpaka CT, ile picha ya kompyuta. Dalili yake ni maumivu ndani ya kiganja ukishika raketi kwa nguvu, na ukikaacha kanaweza kuisugua kano ya kidole kidogo mpaka ikatike. Na kama ulianguka ukajizuia kwa mkono na sasa panauma kwenye kishimo chini ya kidole gumba, hiyo ni habari nyingine, nenda siku hiyohiyo, na hata eksirei ikiwa safi watakufunga na kukurudisha kupima tena. Mfupa wa pale unapata damu kidogo, ukicheleweshwa sehemu yake inaweza kufa.

Eksirei safi si ruhusa ya kucheza. Narudia, eksirei safi si ruhusa ya kucheza.

Nina fainali ya klabu Jumamosi, nichome tu sindano ya steroidi?

Hapana. Steroidi inapunguza maumivu na inaweza kudhoofisha kano, yaani unaondoa kengele huku unalegeza kamba. Kuna wakati tunaitumia, kwa mpango na kwa mapumziko baada yake, sio ili ukapige mechi keshokutwa. Kwenye kiwiko imeshaonekana kwenye tafiti zaidi ya moja kwamba waliochomwa wanapata nafuu wiki za mwanzo halafu baada ya mwaka wanakuwa nyuma ya wale ambao hawakuchomwa. Na vidonge vya maumivu vya diklofenaki kabla ya mechi ni mchezo uleule, achilia mbali tumbo na figo zako. Fainali ya klabu itakuwepo mwakani.

Mimi ni kiwiko, upande wa nje, hasa bekihendi.

Hicho ndicho kiwiko cha tenisi, kano za kukunjulia kifundo zinachakaa pale zinaposhikia mfupa. Mara nyingi ni bekihendi ya mkono mmoja inayopigwa kifundo kikiwa kimekunjwa na mpira umeshakupita. Punguza kucheza, mwone fizio akupe mazoezi ya kuimarisha taratibu, kochi aangalie mpigo. Kinachukua miezi, uwe mvumilivu.

Binti yangu ana miaka 11, kochi anataka abadilishe gripu apige kama mastaa, na analalamika mkono.

Mtoto akilalamika mkono, mtoto haigizi. Mifupa yake ina sehemu laini za ukuaji karibu na kifundo na hizo ndizo zinazoumia kabla ya kano. Apumzike, apimwe. Na kochi anayemwambia mtoto avumilie maumivu ya kifundo mwambie kwa adabu kwamba mkono ni wa mtoto, si wa kombe la klabu. Nisameheni, hili linanikera sana.

Basi nisiguse kabisa mipigo hii?

Gusa, ila kwa akili. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, usibadilishe gripu, raketi na nyuzi wiki moja. Nyuzi za poliesta zilizokazwa sana zinapeleka mshtuko mkononi, kama si kijana wa mashindano weka laini zaidi. Anza na mipira laini na dakika chache mwisho wa mazoezi, ongeza wiki hadi wiki. Nguvu itoke miguuni na kiunoni, kifundo kifuate tu. Na kile kipimo cha asubuhi nilichosema kiheshimu.

Niende lini, na nikifika niseme nini?

Vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, mkono ukipinda, au kifundo kikiwa chekundu na cha moto na una homa, ni sasa hivi, usisubiri asubuhi. Ukisikia kitu kimekatika au "tok" ikaja na uvimbe, au hushiki kitu, ni leo au kesho. Maumivu ya upande wa kidole kidogo yasiyoisha baada ya siku chache za kupumzika kwelikweli, ni wiki hii.

Ukifika usiseme tu mkono unauma. Onyesha kwa kidole kimoja panapouma, sema ni mpigo gani unaoleta maumivu, ulibadilisha nini na lini, na kama kuna mlio ukigeuza mkono. Taja kila sindano na kila mtu aliyekuchua, hatutakugombeza. Na raketi yako ije, tukuone unavyoishika.