Je, wajua kwa nini krasha (mashine ya kuvunja mawe) inayosaga chokaa vizuri hulika haraka kwenye itale (graniti)?

Pitisha mawe ya chokaa kwenye krasha ya kugonga, vyuma vyake vitadumu. Pitisha itale kwenye mashine ileile: kokoto zitatoka safi vilevile, lakini vyuma vitakwisha upesi kiasi cha kumeza faida. Sababu imo ndani ya jiwe. Kalsaiti, madini makuu ya chokaa, ina ugumu wa 3 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10. Kwatzi iliyomo katika itale ina 7, nayo hukwangua chuma kama msasa. Kwa hiyo kabla ya kuulizia tani kwa saa, jua kwanza jiwe lako lina kwatzi kiasi gani.

Krasha ya taya huminya jiwe. Ya kugonga hulipiga likiwa hewani, likapasuka kwenye nyufa zake za asili. Ndiyo maana kokoto zake hukaribia umbo la mchemraba, vipande bapa vikiwa vichache, na zege lake halidai maji na saruji nyingi. Aina zote za kugonga zina sifa hii. Zinapoachana ni kwenye swali la nani anayepiga: chuma, au jiwe lenyewe.

Kwenye krasha ya shafti (mhimili) ya kulala, chuma ndicho kinachopiga. Rota, yaani sehemu inayozunguka, hubeba vyuma vizito vya kupigia, mara nyingi vinne, vinavyorusha jiwe kwenye kuta za chuma zilizoning'inizwa mbele yake. Rota ya kipenyo cha mita 1 ikizunguka mara 600 kwa dakika, ncha yake hukimbia mita 31 hivi kwa sekunde. Mashine kubwa za aina hii hupokea mawe yanayozidi sentimita 50. Ukubwa wa kokoto hurekebishwa kwa kasi ya rota na kwa nafasi kati ya ncha na ukuta. Vyuma vikilika nafasi hupanuka, na kokoto zinaanza kutoka kubwa.

Hapa wengi hukosea kwa kununua chuma kigumu kuliko vyote. Chuma chenye kromu nyingi hakiliki upesi, lakini jino la ekskaveta likipita huvunjika kama sahani, kwa hiyo kinafaa mawe madogo yaliyopita chini ya sumaku ya kunasa vyuma. Chuma cha manganizi hustahimili mapigo makubwa, tena hugangamala kadiri kinavyopigwa. Ukikilisha vijiwe vidogo, hakipati kipigo cha kukigangamaza na kinalika kikiwa bado laini. Ukingo mmoja ukiisha, geuza chuma utumie wa pili. Badilisha kwa jozi zinazotazamana zenye uzito sawa, la sivyo rota itayumba na beringi zitakufa.

Krasha ya nyundo ni ndugu yake mdogo, yenye nyundo zinazoning'inia na wavu wa chuma chini. Inafaa chokaa na makaa ya mawe. Ukiipa udongo wenye maji, wavu unaziba.

Kwa mchanga kutoka mawe magumu, shafti ya kusimama ndiyo chaguo langu. Jiwe huingia katikati ya rota kwa juu na kurushwa pembeni kwa mita 45 hadi 70 kwa sekunde, likagonga mawe mengine yaliyojipanga ukutani: jiwe kwa jiwe. Chuma kinacholika zaidi ni ncha za rota, ambazo huwekwa tungsteni kabaidi, kitu kigumu sana. Zikaguliwe mara kwa mara, maana zikiisha jiwe hukata mwili wa rota wenyewe. Ukuta wa mawe ukibadilishwa na vipande vya chuma, mchanga huongezeka kwa kila mzunguko, ila kwa itale gharama ya vyuma inarudi palepale.

Usiitegemee ivunje majabali: ilishe mawe ya milimita 40 hivi, yaliyokwisha kupita krasha ya taya na ya koni (nayo huminya), na chekeche lirudishe yaliyobaki makubwa. Mlisho uwe mfululizo na uangukie katikati, kwa sababu ukienda upande mmoja rota hulika upande huo na kuanza kutetemeka.

Kasi nayo ina bei. Kutoka mita 50 hadi 60 kwa sekunde, nishati ya pigo hupanda kwa asilimia 44. Mchanga huongezeka, na unga wa chini ya milimita 0.075 huongezeka pia. Unga ukizidi, zege hudai maji zaidi, kwa hiyo tenga mapema nafasi ya mashine ya kuosha mchanga au ya kupepeta kwa hewa.