Daraja la Mbao la Reli: Kompyuta Haioni Uozo wa Ndani

Malalamiko kuhusu madaraja ya mbao kwenye njia ndogo za reli hapa Marekani yameongezeka, na mengi huja na picha ya boriti yenye nyufa. Sisi tunaoyakagua madaraja hayo tunashukuru kwa kila taarifa. Lakini ufa wa juujuu unaoletwa na mbao kukauka si uozo, na tumelisema hilo mara nyingi mno. Boriti inayotutia hofu mara nyingi huonekana nzima.

Wengine huuliza kwa nini tusiliingize daraja kwenye kompyuta tupate jibu kama ni salama. Tunaliingiza. Kompyuta hukokotoa jinsi boriti na nguzo zinavyogawana uzito wa behewa la pauni 286,000, karibu tani 130. Ila uozo haiujui mpaka mkaguzi agonge kwa nyundo, asikie mlio wa uvungu, atoboe na kupima unene wa mbao isiyooza iliyobaki. Chukua boriti yenye tundu la uozo katikati kwa urefu wake, nusu ya upana na nusu ya kimo chake. Ugumu wake dhidi ya kupinda hupungua kwa asilimia 6 tu, lakini mkazo unaotaka kuipasua kwa urefu hukaribia kuwa mara mbili. Anayekagua kupinda tu ataipitisha.

Nguzo nazo zina yake. Iliyooza kichwani huacha mwanya wa milimita chache chini ya boriti inayoikalia. Mwanya huo usipoingizwa, kompyuta hugawa mzigo kana kwamba nguzo zote zinabeba, kumbe za jirani ndizo zinazoelemewa.

Kanuni za shirikisho za usalama wa madaraja ya reli, Sehemu ya 237, za mwaka 2010, zinamtaka mwenye njia akague kila daraja angalau mara moja kila mwaka wa kalenda, na kati ya ukaguzi na ukaguzi zisipite siku 540. Uwezo wa kubeba mzigo huamuliwa na mhandisi wa madaraja ya reli. Kukiuka ni faini, na kila siku ya ukiukaji huhesabiwa kosa jipya. Mtu binafsi hutozwa pale tu alipokusudia. Kughushi rekodi kwa makusudi ni jinai.

Ukitaka taarifa ya ukaguzi, pitia serikali ya jimbo au ya mji wako. Sheria ya shirikisho ya 2015 inaziruhusu serikali hizo kuiomba. Usipande darajani kupiga picha. Ukiona daraja limegongwa au linaungua, piga namba iliyo kwenye kibao cha buluu cha kivuko kilicho karibu, yaani mahali barabara inapokatiza reli, na uitaje namba ya kivuko hicho.