Zermatt si kijiji cha Wawalser

Picha inayosambazwa ni ileile: nyumba za mbao zilizokolea weusi, mlima Matterhorn nyuma yake, na chini pameandikwa "kijiji cha kale cha Wawalser". Mahali penyewe ni Zermatt, katika jimbo la Wallis, Uswisi. Hapana jamani.

Wawalser ni wazao wa wakulima na wafugaji wasemao Kijerumani waliotoka Wallis ya juu, kusini mwa Uswisi, wakavuka milima kuanzia karne ya 12 na 13 wakaweka makazi kwingine. Zingatia hapo pa "kwingine", maana ndipo wengi wanapoteleza.

Walser ni Walliser iliyofupishwa: mtu wa Wallis. Wallis nayo imetokana na Kilatini, vallis, yaani bonde. (Wales ya Uingereza haimo humu, hiyo inatokana na neno la Kiingereza cha kale la kumwita mgeni.) Sasa, mtu akiwa kwao Wallis, nani atamtambulisha kwa Wallis? Jina la aina hiyo humpata mtu akishafika ugenini. Sisi tunalo la kwetu: Mhadhrami akishuka Mombasa au Unguja aliitwa Mshihiri, kwa bandari ya Shihr, hata kama kwao ni ndani kabisa ya Hadhramaut. Kwa hiyo aliyehama ni Mwalser, na aliyebaki ni Mwalliser. Zermatt ni ya waliobaki.

Najua utetezi unaokuja: mbona nyumba zinafanana? Zinafanana kweli. Lile ghala lililosimama juu ya miguu, na juu ya kila mguu bapa la jiwe la mviringo ili panya akipanda akwame, lipo Zermatt na lipo kwa Wawalser pia. Waliohama waliondoka na ufundi wao. Ghala peke yake halikwambii mwenyewe ni nani.

Wala Wawalser si Waswisi tu. Wapo Italia, kuzunguka mlima Monte Rosa, mfano Macugnaga, Alagna na Gressoney. Wapo Triesenberg huko Liechtenstein. Na Austria wana Kleinwalsertal, bonde ambalo gari haliwezi kulifikia ila kwa kupitia Ujerumani. Walialikwa na mabwana wenye ardhi waliotaka nyanda za juu zikaliwe. Davos ya Uswisi, kwa mfano, walipewa mwaka 1289 kwa hati ya kukodi ardhi ambayo mtoto angeirithi, na walikuwa watu huru wenye mahakama yao. Kwa mkulima wa zama zile hilo halikuwa jambo dogo, ingawa shamba lilikuwa mahali ambapo theluji haina haraka ya kuondoka.

Ukitaka kukifikia kijiji chao kwa miguu, nenda Bosco Gurin, katika jimbo la Ticino. Basi linafika, lakini mimi ningeanzia Formazza, upande wa Italia, kwa sababu huko ndiko waanzilishi wake walikotokea. Formazza nayo ni ya Wawalser. Unapanda hadi kipito cha Guriner Furka, mita 2,323, kisha unateremka mpaka kijijini, kwenye mwinuko wa kama mita 1,500. Kanisa lake liliwekwa wakfu mwaka 1253. Ticino yote husema Kiitaliano; hiki ndicho kijiji pekee cha jimbo hilo chenye asili ya Kijerumani, na wazee wake wana lahaja yao, Ggurijnarditsch, ambayo Mjerumani wa Berlin ataisikiliza akikunja uso. Usipite bila kuingia makumbusho ya kijiji, yaliyoanzishwa mwaka 1938 ndani ya nyumba ya zamani ya Wawalser.

Picha ya Zermatt usiifute, ni nzuri. Badilisha tu maandishi ya chini yawe "kijiji cha kale cha Wallis".