Muuguzi bingwa wa watoto wachanga: jina moja, mamlaka tofauti

Katika hospitali zetu nyingi, kila anayevaa sare ya uuguzi huitwa sista au nesi, na mama aliyelazwa na mwanawe haoni sababu ya kuwatofautisha. Ndiyo maana jina "muuguzi bingwa wa watoto wachanga" likitajwa, kila msikilizaji hulijaza maana yake mwenyewe. Mmoja humfikiria muuguzi aliyekaa miaka 15 katika wodi ya watoto njiti, ambaye hata madaktari wapya humvuta pembeni wakamuuliza. Mwingine humfikiria aliyerudi chuoni, akasomea fani hiyo na kutunukiwa stashahada ya juu au shahada ya uzamili. Wa tatu, hasa mwenye ndugu Marekani, humfikiria muuguzi anayempima mtoto, akautaja ugonjwa, akaandika dawa na kuitilia sahihi yake mwenyewe. Hawa ni watu watatu tofauti. Wote wanaweza kuwa hodari, lakini sheria haiwatazami kwa jicho moja, na kijana anayepanga maisha yake ya kazi bila kuijua tofauti hiyo anaweza kutumia miaka 2 na akiba yake yote kutafuta cheti kisichobadilisha chochote katika zamu yake.

Neno bingwa lenyewe linachangia mkanganyiko huu. Tumelizoea kutokana na daktari bingwa, ambaye kwake mambo 3 huja pamoja: masomo ya ziada, cheo kinachotambuliwa na baraza la taaluma, na mamlaka ya kuamua. Katika uuguzi mambo hayo huweza kuachana. Mtu anaweza kuwa na masomo bila cheo, au akawa na cheo ambacho hakikumwongezea mamlaka yoyote. Wapo pia wenye ujuzi mkubwa wasio na karatasi hata moja ya kuuthibitisha, na kwa maoni yangu hao ndio wengi kuliko tunavyokiri.

Kwanza tuweke mipaka. Mtoto mchanga, kwa hesabu ya kitabibu, ni mtoto wa siku 0 hadi 28, na njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito kutimia. Uuguzi wa watoto kwa jumla huanzia hapo ukafika ujanani, lakini wodi ya wachanga ni dunia nyingine, kwa sababu vipimo vyake ni vidogo mno kiasi kwamba kosa halina pa kujificha.

Tumtazame mtoto mmoja kwa karibu. Amezaliwa akiwa na wiki 30, uzito wake ni kilo 1.3, na hii ni siku yake ya pili. Saa 9 usiku kifua chake kinatulia. Sekunde 20 zinapita bila pumzi, mapigo ya moyo yaliyokuwa 150 kwa dakika yanashuka chini ya 100, na midomo inaanza kugeuka rangi. Muuguzi yeyote wa wodi hiyo anapaswa kuweka kichwa cha mtoto sawa, kuhakikisha njia ya hewa haikuziba, kumsugua mgongo au nyayo, na asiporejesha pumzi kumpulizia hewa kwa begi na barakoa. Hadi hapo hakuna bingwa wala asiye bingwa, kwa kuwa mtoto hawezi kungoja cheo cha mtu.

Tofauti huanza mtoto akishavuta pumzi. Muuguzi mwenye mafunzo ya kawaida huandika tukio katika faili na kumpigia simu daktari wa zamu. Muuguzi aliyesomea fani ya wachanga hulifungua faili kwanza: anaona kwamba hii ni mara ya tatu tangu jioni, kwamba joto la mtoto limeshuka hadi nyuzi 36.1 wakati linapaswa kuwa walau 36.5, na kwamba maziwa ya saa 6 yalibaki tumboni. Anapima sukari papo hapo. Anapompigia daktari, hamwambii tu kwamba mtoto ameacha kupumua. Anamweleza kwamba anashuku maambukizi, anamtajia sababu zake, na anakuwa ameshaandaa vifaa vya kuchukulia damu. Lakini bado anasubiri aambiwe.

Muuguzi wa tatu hasubiri. Anampima mtoto, anaamua damu ichukuliwe na kuoteshwa maabara, anaandika antibiotiki, kisha anaandika kafeini ya kuamsha upumuaji: miligramu 20 za kafeini sitreti kwa kila kilo, yaani miligramu 26. Ikiwa kichupa kina miligramu 20 katika kila mililita, mtoto atapewa mililita 1.3. Nukta ikiteleza hatua moja, bomba la sindano litabeba mililita 13, na sahihi iliyo chini ya dawa hiyo ni yake. Hata damu anayoagiza ichukuliwe ni uamuzi mzito, maana mtoto wa uzito huo ana damu ya takriban mililita 110 tu mwilini, isiyojaza kikombe cha chai, na kila mililita inayokwenda maabara lazima iwe na sababu.

Huyu wa tatu ndiye nitakayemwita hapa muuguzi mtabibu, kwa kuwa kinachomtenga na wenzake ni mamlaka ya kutibu. Kada yake ilianzia Marekani mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kuwahudumia watoto katika maeneo yaliyokosa madaktari. Inafaa kukumbukwa kwamba kada nzima, ambayo leo ina matawi ya wazee, ya akili na ya familia, ilizaliwa katika uuguzi wa watoto. Tawi la wachanga lilifuata baadaye, vilipoenea vitengo vya uangalizi maalumu vya aina ile ambayo daktari Louis Gluck aliianzisha New Haven, mji wa huko huko Marekani, mwaka 1960.

Nchini humo njia ya kufika huko ni ndefu na imechorwa waziwazi. Mtu huwa kwanza muuguzi aliyesajiliwa mwenye shahada, kisha husoma uzamili au shahada ya uzamivu ya utendaji wa kiuguzi, hufanya mtihani wa kitaifa wa fani yake, halafu huomba kibali cha jimbo. Katika zaidi ya nusu ya majimbo anaweza kufanya kazi kwa mamlaka kamili, na katika mengine sheria humtaka awe na makubaliano au usimamizi wa daktari. Muuguzi mtabibu wa wachanga huhudumia watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 2. Yule wa watoto huenda hadi miaka 21, na huchagua kati ya huduma za kliniki na zile za wagonjwa mahututi, kila upande ukiwa na mtihani wake.

Hapa ndipo Waswahili wengi walioko ughaibuni hujikwaa. Mtu anaipenda wodi ya wachanga, lakini anachagua masomo ya muuguzi mtabibu wa familia kwa kuona kwamba neno familia ni pana na litamfungulia milango yote. Upana huo ni wa kliniki. Akimaliza, anakuta kitengo cha wachanga kinataka mtu wa fani ya wachanga, na lile jina pana halimsaidii kuingia. Kosa la pili ni la mahali pa kuanzia. Vyuo vya fani hii kwa kawaida humtaka mwombaji awe ametumikia walau miaka 2 kama muuguzi katika kitengo cha wachanga cha ngazi ya III au ya IV, na ngazi hizo zina maana mahususi. Ngazi ya I ni ya watoto wenye afya, ngazi ya II hupokea waliotimiza wiki 32 na gramu 1,500, ngazi ya III hupokea walio chini ya hapo, na ya IV huongeza upasuaji mgumu. Muuguzi aliyekaa miaka 6 katika nyumba ya kutunzia wazee amefanya kazi ya heshima na pengine amesomesha wadogo zake wote, ila miaka hiyo haihesabiwi kwenye mlango huu. Afadhali mshahara mdogo kidogo katika kitengo cha ngazi ya III kuliko mkubwa mahali ambapo hatawahi kumshika njiti.

Uingereza imepanga mambo kwa namna nyingine. Huko uuguzi hugawanywa tangu usajili wa kwanza, na uuguzi wa watoto ni tawi linalojitegemea, tofauti na la watu wazima. Muuguzi wa Kenya au Tanzania aliyesomea uuguzi wa jumla, hata kama amefanya kazi wodi ya watoto tu, kwa kawaida huingia katika tawi la watu wazima, na wapo wanaoligundua hilo wakiwa wameshalipa ada za mitihani. Kwa bahati nzuri vitengo vya wachanga huko hupokea matawi zaidi ya moja, wakiwamo wakunga, kisha huwapa mafunzo ya ndani yanayowatambulisha kuwa wamehitimu katika fani. Viwango vyao vya kazi navyo vinafaa kujulikana na anayetoka wodi zetu: muuguzi 1 kwa mtoto 1 katika uangalizi mahututi, 1 kwa watoto 2 katika uangalizi wa kati, na 1 kwa watoto 4 katika uangalizi wa kawaida. Anayezoea kuhudumia watoto 20 usiku mmoja atadhani amepewa likizo, hadi atakapoona kinachotarajiwa kwa huyo mtoto mmoja.

Na kwetu? Nafasi ambayo Marekani ilijazwa na muuguzi mtabibu, Afrika Mashariki ilijazwa zamani na kada nyingine: tabibu nchini Tanzania na afisa wa kliniki nchini Kenya, ambao hupima, hutaja ugonjwa na kuandika dawa, na ambao Kenya huweza kusomea zaidi magonjwa ya watoto. Kwa sababu hiyo muuguzi wa Kenya anayechukua stashahada ya juu ya uuguzi wa watoto, au Mtanzania anayesoma uzamili, mara nyingi anaingia katika ile maana ya pili ya bingwa: anajua zaidi, anafundisha, anaongoza kitengo, lakini kwenye karatasi mamlaka ya kutibu yako kwa mwingine. Silioni jambo hilo kuwa sababu ya kuacha kusoma. Yalipoanza mafunzo ya kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza, yale ya begi na barakoa, hospitali 8 za Tanzania zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuyapima, na vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Waliofanya hivyo kwa sehemu kubwa walikuwa wakunga wa zamu za kawaida, bila cheo kipya hata kimoja.

Tatizo kubwa zaidi la fani hii kwetu, kwa maoni yangu, ni kuhamishwahamishwa wodi. Muuguzi anafundishwa kumlisha njiti kwa mpira, kuweka kanula, yaani kimrija cha kupitishia dawa, katika mshipa mwembamba kama uzi, kumfunga mtoto kifuani kwa mama kwa matunzo ya kangaruu, na mwezi anaoanza kuiva anapelekwa wodi ya mifupa. Wanaopanga zamu wana sababu zao, kwani watu hawatoshi, lakini ujuzi wa namna hii hudumu kwa kurudiwarudiwa.

Kwa hiyo anayetaka kubaki katika fani hii ajiwekee ushahidi mapema. Daftari la kazi alizofanya kwa mkono wake, lenye tarehe na sahihi ya msimamizi, na bila majina ya wagonjwa, linamfaa kuliko sifa za mdomo. Barua ya mwajiri isiseme tu kwamba alikuwa muuguzi wa hospitali. Itaje kitengo cha wachanga, idadi ya vitanda, saa za kazi kwa wiki, na kama watoto walipewa mashine ya msukumo wa hewa puani au ya kupumulia. Barua ya jumla hurudishwa na mabaraza ya nje, na matroni aliyekufahamu huenda akawa amestaafu wakati unapoihitaji nyingine.

Na kabla ya kulipa ada ya chuo chochote, aandike swali hili kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga la Tanzania, kwa Baraza la Wauguzi la Kenya, au kwa baraza la nchi anayokusudia kwenda, kisha aombe jibu kwa maandishi: nikihitimu kozi hii, nitaandikishwa kwa jina gani, na ni kitu gani nitakachoruhusiwa kufanya kando ya kitanda cha mtoto ambacho leo siruhusiwi?