Zulia la kifalme la Kiajemi si lazima liwe la hariri

Wateja wangu hapa Muscat huanza na swali lilelile: "Hii hariri?" Ukijibu ni sufu, mtu anarudisha mkono na kuomba kuonyeshwa jingine. Wapo wanaonieleza kabisa kwamba mashah, yaani wafalme, wa Uajemi hawakukanyaga sufu. Nimechoka kulisikia, maana linawafanya watu wayapite mazulia bora na kununua takataka zinazong'aa.

Chukua zulia la Ardabil, la enzi ya Shah Tahmasp. Limeandikwa mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539 au 1540, na leo liko katika makumbusho ya Victoria and Albert, London. Urefu wake ni kama mita 10 na nusu, upana unapita mita 5, na manyoya yake, yaani nyuzi za juu zinazokanyagwa, yote ni sufu. Hariri ipo, ila imefichwa ndani: ndiyo mtande na mshindio, nyuzi za urefu na za upana zinazoshika mafundo. Wale wafumaji walijua kazi yao. Uzi wa hariri ni mwembamba na mgumu kukatika, hivyo mitande husogeleana na mafundo yakakaa karibu karibu, kama 5,300 katika mraba wa sentimita 10 kwa 10. Juu, panapokanyagwa, wakaweka sufu, kwa sababu sufu ikilala huinuka tena, na rangi ikiinywa inaishika. Hata zulia la Clark la karne ya 17, lililouzwa New York mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 33, manyoya yake ni sufu.

Ya hariri tupu yalikuwepo, sikatai. Karakana za enzi ya Shah Abbas, Isfahan na Kashan, zilifuma mazulia ya hariri yenye nyuzi za dhahabu na fedha. Mwaka 1601 mfalme Sigismund III wa Poland alimtuma mfanyabiashara wa Kiarmenia, Sefer Muratowicz, hadi Kashan kuyaagiza. Yalikuwa ya fahari na zawadi. Yatazame leo: mengi manyoya yamelika, rangi zimepauka, fedha imesawijika. Anayedhani Waajemi walipenda rangi zilizofifia ageuze zulia atazame mgongo wake, ambako rangi hazikupauka hivyo. Na ile dhahabu ni utepe mwembamba wa fedha uliopakwa dhahabu na kuzungushwa kwenye uzi.

Kama bado unataka hariri, usikubali muuzaji akuchomee matamvua. Matamvua ni ncha za mtande, hayakuambii lolote kuhusu manyoya. Chomoa kinyuzi kimoja cha manyoya, ukichome. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua na jivu lake hupondeka. Kikinuka karatasi, unauziwa pamba iliyong'arishwa au viskosi, ile hariri bandia.

Kuna wanaohesabu mafundo kama wanahesabu fedha. Wingi wa mafundo unampa mfumaji uwezo wa kuchora mstari mwembamba, basi. Mchoro mbovu hauponi kwa mafundo.

Hadithi ya fundi mmoja aliyemaliza umri wake kwenye zulia moja nayo iachwe. Jina lililo kwenye zulia la Ardabil ni la Maqsud wa Kashan, lakini kitanda cha kufumia chenye upana ule hukaliwa na watu kadhaa bega kwa bega, wakifuata mchoro uliokwisha kuandaliwa.

Lingine ni lile la kosa la makusudi, eti kwa kuwa ukamilifu ni wa Mungu. Anayeamini hivyo kwa dhati hana haja ya kupanga kukosea, atakosea tu. Makosa yapo, hasa kwenye kona, ambako maua ya ukingo hubanana kwa sababu hesabu haikutoshea. Na ile michirizi ya rangi iliyokolea na kufifia, wenyewe wanaiita abrash, hutokana na sufu iliyotiwa rangi mafungu mbalimbali. Muuzaji akikutajia Mungu ili apandishe bei ya kona iliyopinda, mwambie akupunguzie.