Fanesi inawaka kisha inazima: anza kwa kuhesabu sekunde

Fanesi ni mashine ya gesi inayopasha nyumba nzima joto. Baridi ikishashuka chini ya sifuri hapa Minnesota, Marekani, simu ninazopigiwa na watu wetu wa Afrika Mashariki na Kongo huwa na maneno yaleyale: "Fundi, fanesi inawaka halafu inazima." Kabla sijauliza ni ya kampuni gani au ina umri gani, nauliza kitu kimoja: moto unakaa muda gani kabla ya kuzima? Wengi hawajui, maana walikuwa juu wamejifunika mablanketi. Nawaomba washuke besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, watazame kwenye kidirisha kidogo cha mlango wa fanesi pale mashine inapojaribu tena, na wahesabu. Moto unaozima baada ya sekunde nne na moto unaozima baada ya dakika nane ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Ukiyachanganya utanunua kifaa usichokihitaji.

Themostati, kile kifaa cha ukutani cha kupangia joto, ikiomba joto, gesi haifunguki papo hapo. Kwanza inaamka feni ndogo ya kutoa moshi. Ikishavuta hewa vya kutosha, swichi ya presha inaunganisha umeme, na bodi, yaani sahani ya kielektroniki inayoiongoza fanesi, inajua njia ya moshi iko wazi. Kisha kiwashio kinaiva mpaka rangi ya chungwa, vali inafunguka kwa mlio mdogo wa "tak", na moto unaruka kutoka kichomeo kimoja hadi kingine. Hapo bodi inataka ushahidi kwamba gesi inayotoka inaungua kweli. Isipoupata ndani ya sekunde chache inafunga vali, hata kama wewe unauona moto kwa macho yako. Ukali huo una sababu: gesi isiyoungua ikijaa besimenti, cheche moja inabomoa nyumba.

Kwa hiyo moto ukiwaka vizuri, ukadumu sekunde tatu hadi saba, ukazima, kisha mashine ikarudia mchezo huohuo, mimi naenda moja kwa moja kwenye kihisi moto. Ni kijiti chembamba cha chuma, kimeshikwa na kauri nyeupe na skrubu moja. Mara nyingi kiko upande wa pili wa vichomeo, mbali na kiwashio, na ncha yake imesimama ndani ya moto.

Namna kinavyofanya kazi inanifurahisha mpaka leo. Moto hupitisha umeme, kwa sababu ndani yake kuna ayoni, chembe zenye chaji ya umeme. Bodi inapeleka umeme wa AC, yaani unaokwenda na kurudi, kwenye kijiti. Kichomeo ni kipana na kijiti ni chembamba, hivyo umeme unapita kwa urahisi zaidi kuelekea upande mmoja kuliko mwingine, na bodi inapokea mkondo mdogo wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu. Ni mdogo mno: maikroampia (sehemu za milioni za ampia) 2 hadi 6 kwenye fanesi nyingi zilizo nzima. Ukishuka chini ya 1, nyingi zinaanza kuyumba. Na kama waya wa kihisi umechubuka ukagusa bati, kinachopita ni AC tupu, si DC, kwa hiyo bodi haiwezi kudanganywa na shoti ikadhani kuna moto.

Adui wa kijiti hiki ni utando wa silika unaotokana na vumbi na mivuke ya vitu vya nyumbani vyenye silikoni. Wakati mwingine utauona kama majivu meupe, wakati mwingine hauonekani hata kidogo. Lakini unazuia umeme, na maikroampia chache hazina nguvu ya kuupenya.

Kukisafisha ni kazi ya dakika chache. Zima umeme wa fanesi, ikibidi na kwenye breka. Funga koki ya gesi. Chomoa waya, fungua skrubu, ambayo mara nyingi huwa na kichwa cha robo inchi, kisha kivute taratibu. Kisugue kwa waya laini wa kusugulia sufuria, usio na sabuni, mpaka chuma king'ae, halafu kifute kwa kitambaa kikavu. Msasa mkali mimi siupendi, unaacha mikwaruzo inayoshika uchafu haraka. Kauri ikiwa na ufa, usihangaike kusafisha, nunua kipya. Ni kati ya vipuri vya bei ndogo kabisa ndani ya fanesi. Na ukiwa humo ndani, usiguse kiwashio kwa vidole: viwashio vya silikoni kabaidi huvunjika kirahisi sana.

Kihisi kisafi hakimalizi mjadala. Familia moja ya Kikongo iliambiwa na fundi aliyenitangulia kwamba bodi imekufa, na bei yake iliwatisha. Nilikuta kijiti kinang'aa. Nikaunga mita ya kupimia umeme katikati ya waya wake na bodi, nikasoma maikroampia 0.6. Nikaanza kufuata njia ya kurudi, kwa sababu mkondo ukitoka kwenye kijiti hupita kwenye moto, ukaingia kwenye kichomeo, ukashuka kwenye bati mpaka waya wa ardhi. Skrubu ya waya huo ilikuwa imeota kutu. Maji ya kipoza hewa kilicho juu ya fanesi yalikuwa yakiidondokea kila kiangazi. Nikakwangua bati mpaka likawa jeupe, nikaikaza upya, mita ikapanda hadi 3.8 na moto ukakaa. Mama mwenye nyumba akaniuliza, "Fundi, ni skrubu tu?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, ni skrubu." Kosa la namna hii hutokea pia mtu akibadilisha soketi au swichi akageuza waya wenye umeme na ule wa nyutro: fanesi inawasha, lakini haiuoni moto wake.

Sasa ule moto wa dakika nyingi. Vichomeo vinazima, feni kubwa inaendelea kupuliza mpaka hewa inakuwa ya baridi, halafu mashine inaanza upya. Hapo fanesi inapata joto kupita kiasi na swichi ya joto inakata gesi. Angalia filta kabla ya kitu kingine chochote. Nimetoa filta zilizoziba mpaka taa haipenyi. Ya inchi moja itazame kila mwezi wakati wa baridi, na mshale wake uelekee kwenye feni. Fungua pia matundu ya hewa uliyoyafunga vyumbani ili "kubana matumizi". Hayapunguzi bili kama unavyodhani, yanainyima mashine pumzi.

Ikiwa inazima bila mpangilio, na fanesi yako ni ile yenye mabomba meupe ya plastiki yanayotokea ukutani, toka nje kwanza. Theluji iliyosombwa na upepo huziba midomo ya mabomba hayo, na swichi ya presha inakata. Kama nje kuko wazi, fuata mpira wa maji. Fanesi hizi hutoa maji zikiwaka, na ukisikia mngurumo wa maji ndani yake, njia ya kutolea imeziba kwa utelezi. Safisha mtego wake, yaani kile kikombe au kona ya bomba inayoshika maji. Mtu akikwambia aiunganishe swichi ya presha kwa kipande cha waya ili "mpate joto leo", mwambie afunge mkoba wake.

Fanesi za zamani zenye moto mdogo wa pailoti ni habari fupi. Ukiachia kitufe moto ukafa, ingawa ulikishikilia karibu dakika nzima, mara nyingi themokapo, kile kijiti kinachohisi joto la pailoti, imechoka. Mpya ikaze kwa vidole, kisha robo mzunguko tu kwa spana.

Bodi nyingi zikishindwa mara kadhaa hujifunga kwa muda, mara nyingi saa nzima. Usizime na kuwasha umeme mara kwa mara kuilazimisha. Hesabu mimweko ya taa yake ndogo, kisha soma jedwali lililobandikwa nyuma ya mlango.

Kuna swichi moja nisiyotaka uiguse: ile yenye kitufe kidogo karibu na vichomeo, ambayo hukata moto unapotoka nje ya mahali pake. Ikiruka, huenda njia ya moshi imeziba au chemba ya joto imepasuka. Mwite fundi mwenye leseni. Na wakati mnamsubiri, msiwashe jiko la mkaa ndani wala kuacha oveni wazi ili mpate joto. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Weka alamu yake karibu na vyumba vya kulala. Ikilia, au wote mkiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa wakati mmoja, tokeni nje na watoto kama mlivyo, na mpige 911, namba ya dharura, mkiwa huko. Ukisikia harufu ya gesi, fanya hivyohivyo, na usiguse swichi ya taa unapotoka.