Kwa nini mitambo ya upepo husimikwa mbali mbali namna ile?

Mradi wa umeme wa upepo unapopendekezwa katika nyanda za malisho, hesabu inayozua mzozo mapema huwa ni ya ekari. Mradi wa Ziwa Turkana, ulioko Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit nchini Kenya, una mitambo 365 katika eneo la takriban ekari 40,000, yaani ekari 110 hivi kwa kila mtambo, ilhali mapanga ya mtambo mmoja hufanya duara lenye kipenyo cha mita 52 tu. Wengi hudhani kwamba ekari zote hizo zimemezwa na mitambo; wengine hudhani nafasi imeachwa ili mnara ukianguka usiangushe mwenzake, na wapo wanaoamini kuwa imeachwa kwa hisani ya ng'ombe. Ng'ombe hunufaika, lakini nafasi hiyo inahitajika kwa ajili ya upepo wenyewe.

Umeme hupatikana kwa kuipunguzia hewa mwendo, hivyo hewa inayotoka nyuma ya mapanga huwa imepungua kasi na kuvurugika. Chukua nguzo iliyosimikwa katikati ya mto: nyuma yake hubaki mkia wa maji ya polepole yanayozungukazunguka. Nguzo ya pili ikisimikwa ndani ya mkia huo, itasukumwa kidogo lakini itatikiswa sana. Ikisogezwa chini zaidi, mahali ambapo maji ya kasi ya pembeni yamekwisha kuingia na kuchanganyika, itakutana na mto ukiwa karibu na nguvu zake za awali. Hewa nayo hujirudi vivyo hivyo, ila yenyewe huchota kasi hata kutoka juu.

Hasara ya mtambo kukaa ndani ya mkia wa mwenzake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu kasi ya upepo ikipungua kwa asilimia 10, nguvu iliyomo hupungua kwa asilimia 27. Ndiyo maana, kwa kufuata uelekeo wa upepo, safu hutenganishwa kwa umbali wa vipenyo 5 hadi 10 hivi vya duara la mapanga. Ubavuni mitambo yaweza kukaribiana zaidi, hasa Loiyangalani, ambako upepo una nidhamu ya ajabu: huvuma kutoka kusini-mashariki karibu mwaka mzima.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba misingi, barabara na vituo vya umeme huchukua kwa kudumu takriban asilimia 1 tu ya eneo la mradi. Hata hivyo, takwimu hiyo ni ya miradi ya huko, ardhi inayochimbuliwa wakati wa ujenzi ni kubwa zaidi, na kipimo chenyewe hakihesabu tabia ya mifugo. Oktoba 2021, Mahakama ya Juu ya Norway ilitamka kuwa leseni za miradi miwili ya upepo katika rasi ya Fosen ni batili: kulungu wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa huko, huiepuka mitambo, kwa hiyo malisho yao ya majira ya baridi yalihesabiwa kuwa yamepotea, ingawa sehemu kubwa ya ardhi hiyo haikujengwa chochote.